Kufuli Lifunguliwe Darasani

Jua lichwapo Manyamanyama, katika mji wa Bunda mkoani Mara, kazi ya mwisho ya siku huwa karibu moja kwa watu wote. Mwenye duka hushusha milango yake, mwenye mashine ya kusaga hufunga banda, mkulima hufunga ghala la mahindi au pamba, na mwanafunzi wa bweni hulifunga sanduku lake la bati. Wote hutegemea chombo kimoja, nacho ni kufuli. Mavuno ya mwaka mzima hulazwa nyuma ya chombo ambacho bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya mali inayolindwa, na ambacho mwenye kukitumia hajapata kukiona ndani.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalostahili kujadiliwa. Watu wengi hununua kufuli kwa imani tu. Hulipima mkononi, wakaona ni zito, wakaridhika kwamba ni imara. Lakini uzito wa kufuli hausemi lolote juu ya yaliyomo ndani yake. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba kufuli yafaa lifunguliwe juu ya meza ya maabara katika kila shule ya sekondari, ili wanafunzi waone jinsi linavyofanya kazi na jinsi linavyoshindwa. Kuzificha habari hizo hakumzuii mwizi, kwa sababu yeye anazo tayari. Anayebaki gizani ni mwenye mali.

Ndani ya kufuli

Neno kufuli limetokana na Kiarabu, na kwa muda mrefu chombo chenyewe kimekuwa sehemu ya maisha ya miji ya Pwani. Kwenye milango ya kale ya Zanzibar iliyochongwa bado huonekana mnyororo mzito na tumbuu ya chuma ya kuupokea. Hata hivyo kanuni inayotumika katika makufuli ya leo ni ya kale zaidi ya milango hiyo. Watu wa Misri na Mesopotamia walitumia vitasa vya mbao maelfu ya miaka iliyopita. Vijiti viliteremka kwa uzito wao wenyewe vikazuia komeo, na ufunguo wa mbao wenye meno ukaviinua. Katika miaka ya 1860 Mmarekani Linus Yale Mdogo aliichukua kanuni hiyo akaifanya ndogo. Alitia springi ili zisukume vijiti, na mahali pa komeo refu akaweka silinda fupi inayozunguka. Hicho ndicho kilichomo katika makufuli mengi madogo yauzwayo madukani, Bunda na Musoma kama kwingineko duniani.

Ndani ya mwili wa kufuli la aina hiyo mna silinda yenye tundu la ufunguo. Juu ya silinda kuna vishimo vilivyopangwa katika mstari mmoja, na ndani ya kila kishimo mna pini mbili, moja juu ya nyingine, pamoja na springi inayozisukuma kuelekea kwenye tundu la ufunguo. Ufunguo usipokuwemo, pini za juu huwa nusu ndani ya silinda na nusu ndani ya mwili wa kufuli, mfano wa komeo lililopita katikati ya mlango na fremu yake. Silinda haiwezi kuzunguka. Ufunguo wa haki ukiingizwa, meno yake huinua kila jozi kwa kadiri yake, hata mahali pini ya chini inapokutana na pini ya juu pakalingana sawasawa na ukingo wa silinda. Hapo hapana tena kizuizi. Silinda huzunguka, ulimi huvutwa nyuma, na upinde wa kufuli huachiwa. Jino moja la ufunguo likizidi au likipungua kwa sehemu ndogo ya milimita, silinda hukataa.

Makufuli mengine, hasa yale mapana ya kufungia maghala, hayana pini. Ndani yake mna vibamba vyembamba vilivyolaliana, kila kimoja na springi yake na mwanya wake. Ufunguo hulazimika kukiinua kila kibamba mpaka kimo chake, usizidishe wala usipunguze, ndipo mianya yote ilingane na ulimi upite. Aina ya tatu, iliyo duni kuliko zote, ina kuta ndogo tu za kuzuia ufunguo usio na mapengo yanayofanana nazo. Ufunguo mmoja uliochongwa ukawa mwembamba hukwepa kuta hizo zote, na hivyo hufungua makufuli mengi ya jamii hiyo. Kwa mbali aina zote tatu hufanana. Bei zake pia hukaribiana, na mnunuzi asiyejua huchagua kwa rangi.

Hesabu ya funguo

Kama kufuli lina jozi 5 za pini, na kila jozi yaweza kupangwa kwa vimo 6 tofauti, funguo zinazowezekana ni 6 × 6 × 6 × 6 × 6, yaani 7,776. Kufuli la bei nafuu lenye jozi 4 na vimo 4 lina funguo 256 tu. Mtu anayenunua kufuli moja haoni kuwa tofauti hiyo ina maana yoyote. Bweni zima, hata hivyo, laweza kuiona.

Chukua bweni lenye masanduku 20, kila moja na kufuli la aina ya pili, na funguo zake zimegawanyika sawasawa kiwandani. Kuna uwezekano gani kwamba angalau masanduku mawili yatafunguliwa na ufunguo wa aina moja? Wengi watakisia kwamba ni mdogo sana, kwa kuwa 20 ni namba ndogo kuliko 256. Mwanafunzi azidishe 255/256 kwa 254/256, aendelee hivyo hata afike 237/256, kisha jibu alitoe katika 1. Atapata zaidi ya nusu, yaani karibu mara 53 katika 100. Kwa makufuli yenye funguo 7,776, uwezekano huo huo ni zaidi kidogo ya mara 2 katika 100. Hapa hapana mwizi wala ufundi wa siri. Ni hesabu ya kidato cha nne inayomweleza mwanafunzi kwa nini ufunguo wa jirani yake ulifungua sanduku lake siku ile, na kwa nini lawama iliyofuata huenda haikuwa ya haki.

Jinsi kufuli linavyoshindwa

Njia za kulishinda kufuli ni nyingi, lakini asili zake ni chache, na kila asili ni somo la fizikia.

Asili ya kwanza ni kwamba hakuna fundi wala mashine iwezayo kutoboa vishimo bila kosa lolote. Vishimo vya pini vyatakiwa viwe katika mstari ulionyooka kabisa, lakini daima kimoja huwa kimepotoka kwa kadiri ya unywele. Silinda ikilazimishwa kidogo kuzunguka, pini hazibanwi zote kwa pamoja. Hubanwa kwanza ile iliyo katika kishimo kilichopotoka zaidi. Hiyo ikifikishwa kwenye kimo chake, silinda husogea kiasi kidogo mno, na zamu ya kubanwa huja kwa pini nyingine. Hivyo mwenye subira na chombo chembamba hashindani tena na funguo 7,776. Hushughulika na pini moja moja, vimo 6 kwa kila pini, na jumla ya majaribio haizidi 30. Kuzidisha kumegeuka kuwa kujumlisha. Ndiyo maana thamani ya kufuli haipimwi kwa idadi ya pini peke yake. Hupimwa pia kwa usahihi wa utengenezaji wake. Watengenezaji wazuri hutia hata pini zenye kiuno chembamba, ambazo hujikwaa njiani kabla ya kufika mahali pake.

Asili ya pili ni springi yenyewe. Katika makufuli mengi madogo upinde hushikwa na ulimi mmoja unaosukumwa na springi. Raha yake ni kwamba mtu hubana upinde kwa kiganja na kufuli likajifunga. Lakini ulimi unaokubali kurudishwa nyuma na upinde hukubali pia kurudishwa na kipande chembamba cha bati, maana springi haina akili ya kutambua ni nani anayeisukuma. Kipigo cha ghafla nacho huweza kuuachisha ulimi, kwa sababu kila kitu chenye uzito huchelewa kufuata mwendo wa kile kinachokibeba. Watoto wachezao gololi wanaijua kanuni ya jamaa yake: gololi iliyotulia ikigongwa sawasawa, iliyogonga husimama na iliyogongwa huruka. Pini mbili zilizogusana hufanya vivyo hivyo ufunguo unapogongwa, na kwa sehemu ndogo ya sekunde hutengana. Dawa ya udhaifu wa ulimi imejulikana kwa muda mrefu. Katika makufuli bora upinde hushikwa na gololi mbili za chuma, moja kila upande, ambazo haziwezi kurudi mpaka silinda izungushwe. Gololi hizo hufanana na zile za baiskeli, na mnunuzi aweza kuuliza dukani kama zimo.

Asili ya tatu ni nguvu. Wezi walio wengi hawana haja ya pini wala springi. Hutafuta mahali palipo dhaifu kuliko pote, na mara nyingi mahali hapo ni nje ya kufuli. Mtu akishika mtalimbo wa mita 1, egemeo likiwa sentimita 4 kutoka kwenye tumbuu, na akasukuma kwa kani ya nyutoni 400, tumbuu hupokea karibu nyutoni 10,000. Kani hiyo ni sawa na uzito wa tani nzima. Tumbuu iliyoshikiliwa na skrubu fupi tatu katika mbao laini, au katika fremu ambayo mchwa wameianza, haiwezi kuihimili. Kufuli hubaki limefungwa, zima kabisa, likining'inia kwenye tumbuu iliyong'oka. Kwa upande wa upinde, unene una maana kuliko wengi wanavyodhani. Upinde wa milimita 12 una eneo la chuma mara 4 ya upinde wa milimita 6, ingawa kipenyo kimeongezeka mara 2 tu. Ugumu nao una uzito wake. Tupa ikikwaruza upinde na kuacha alama ya kina, msumeno wa chuma utaukata bila taabu. Tupa ikiteleza, chuma hicho kimekaushwa vizuri katika moto.

Asili ya nne ni mtu. Funguo mbili za akiba zinazokuja na kufuli hupewa nani? Kijana wa duka aliyeondoka kazini mwezi uliopita alirudisha yake? Kufuli lililonunuliwa mtaani likiwa limekwisha kutumika lina funguo ngapi nje? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mfuko wa nguo ni mahali pa kwanza ufunguo unapolala.

Siri ni ya nani?

Wapo walimu na wazazi watakaosema kwamba maneno haya ni hatari. Kumfundisha kijana jinsi kufuli linavyoshindwa, watasema, ni kumpa shule ya wizi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Wizi wa mabwenini upo. Daftari, sabuni na fedha ya nauli vikipotea, huvunja urafiki na humfanya mtoto wa maskini aache masomo kwa muda. Mwalimu aliyekaa na vijana hao usiku ana haki ya kuuliza kama fizikia ya kufuli itampunguzia taabu au itamwongezea.

Swali hilo lilikwisha kuulizwa zamani. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua mbele ya mashahidi kitasa maarufu cha Chubb, ambacho wengi waliamini hakifunguki bila ufunguo wake. Kisha akakikabili kitasa cha Bramah, kilichokuwa kimewekwa kwenye dirisha la duka kwa miongo mingi pamoja na ahadi ya zawadi ya gini 200 kwa atakayekishinda. Kilimchukua saa 51 katika muda wa siku 16, lakini alikifungua. Waingereza wengi walikasirika. Wengine walidai kwamba mambo hayo yasisemwe hadharani, yasije yakawafunza wezi. Katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1853 kutokana na kazi ya Hobbs, jibu lilikuwa wazi: wezi wanaijua kazi yao kuliko watu wema wanavyodhani, na mjadala wa wazi hauwapi kitu kipya, bali huwapa watu wema nafasi ya kujirekebisha. Historia ilikubaliana na jibu hilo. Aibu ya mwaka 1851 iliwalazimisha watengenezaji kuboresha vitasa vyao, jambo ambalo miaka mingi ya ukimya haikulifanya.

Miaka 32 baadaye, mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs, mwalimu wa lugha aliyefanya kazi Ufaransa, aliandika kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi na akaweka kanuni inayofuatwa hata leo. Mfumo wa siri uhesabiwe kuwa salama iwapo tu hautaharibika adui akiujua wote, ilmradi asiwe na ufunguo. Kinga nyingi za mawasiliano zinazotegemewa na simu na benki leo zimejengwa juu ya njia za hesabu zilizochapishwa wazi na kuchunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi. Siri iliyobaki ni ufunguo. Kijana wa Bunda ambaye hajaielewa kanuni hii kwa kulitazama kufuli la shaba atapata shida kuielewa kwenye simu, mahali ambapo hakuna cha kushika mkononi.

Kuna jibu jingine, nalo ni la papo hapo. Katika kila bweni wamo wachache ambao wamekwisha kugundua ujanja wa kipande cha bati. Ujuzi huo huenda kwa kunong'onezana, na huwafikia kwanza wale wasiofaa kuupata. Ukisemwa darasani, wote huujua siku moja. Wenye masanduku hubadili makufuli, na ujanja hupoteza faida yake. Mwalimu naye huweza kueleza papo hapo kwamba kufungua kufuli la mtu mwingine bila ruhusa ni kosa la aibu, na kwamba kuvunja nyumba ni jinai kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania. Jambo likifundishwa gizani halina mwalimu wa maadili.

Ni kweli pia kwamba kuna kiasi. Kumfahamisha mwanafunzi kwa nini pini hubanwa moja baada ya nyingine ni elimu. Kumpa kazi ya kuzoesha vidole usiku na mchana ni jambo lingine, wala halihitajiki shuleni. Kipimo cha somo hili kiwe ni uwezo wa mwanafunzi kulihukumu kufuli na kushauri lipi linunuliwe, lifungwe wapi na kwa namna gani.

Mahali ambapo kufuli haifai kuwapo

Kulielewa kufuli ni kuelewa vilevile mipaka yake, na mpaka mmoja hauna mjadala. Kufuli lilibuniwa kwa ajili ya mali, ambayo haihitaji kutoka yenyewe. Mtu huhitaji kutoka, na pengine kwa sekunde chache.

Mwezi Machi 1998 wasichana 26 wa shule ya sekondari ya Bombolulu, Pwani ya Kenya, walikufa katika moto wa bweni ambalo milango yake ilikuwa imefungwa na madirisha yana vyuma. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, ambako mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Tanzania nayo haijasahau moto wa mwaka 1994 huko Shauritanga, Rombo, uliochukua maisha ya wasichana zaidi ya 40. Waliofunga milango ya Bombolulu na Kyanguli hawakukusudia mabaya. Waliamini kwamba kufuli ni usalama, bila kuuliza ni usalama wa nini, na dhidi ya nini.

Hesabu ya wenzo ikumbukwe hapa kwa upande wake wa pili. Nguvu ile ile ya mtalimbo inayomsaidia mwizi kwa nje haipatikani kwa watoto waliomo ndani, gizani, katika moshi. Bweni, darasa na chumba cha wagonjwa vyafaa viwe na milango ifunguliwayo kwa ndani bila ufunguo wowote. Shule ikitaka kulinda magodoro, iyafungie stoo. Kanuni hii mwanafunzi aliyelifungua kufuli mezani akaona pini zake huielewa mara moja, na ndiye atakayethubutu kumwambia mlinzi, kwa adabu, kwamba mlango ule usifungwe hivyo.

Yanayofaa kufanywa

Mwalimu wa fizikia hahitaji fedha ya mfadhili kwa somo hili. Ahitaji makufuli mawili matatu mabovu, ambayo kila mtaa wa Bunda unayo, tupa na msumeno wa chuma kutoka kwa fundi, na saa mbili za kazi. Kufuli likatwe ubavuni hata pini zionekane, kisha ufunguo uingizwe polepole. Springi, wenzo, kabari, msuguano na eneo la mkato ni mambo yaliyomo tayari katika masomo ya sekondari. Mara nyingi mwanafunzi huyasoma kwa Kiingereza yakabaki kitabuni, na mtalimbo ukabaki nyumbani, vitu viwili visivyofahamiana. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alitaka katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isitengane na maisha ya watu wanaoizunguka. Kufuli ni mahali pazuri pa kuanzia.

Baada ya somo, mwanafunzi aende nyumbani akague. Tumbuu na bamba lake vimeshikwa na skrubu zinazoonekana kwa nje, ambazo bisibisi yaweza kuzitoa, au na bolti zilizopenya mbao na kukazwa kwa nati upande wa ndani? Bawaba za mlango ziko upande gani? Upinde wa kufuli umejitokeza kiasi cha kupitisha mtalimbo, au umekaribiana na mwili wake? Kufuli la shilingi nyingi juu ya tumbuu ya waya ni fedha iliyotupwa, na bolti nne zaweza kuongeza usalama kuliko kufuli jipya. Vumbi la kiangazi nalo lisisahauliwe. Mafuta ya kupikia yakitiwa kwenye tundu la ufunguo hushika vumbi na kuzibana pini. Unga wa penseli, ambao sehemu yake kubwa ni grafiti, hulainisha bila kunasa vumbi.

Mwisho, jamii ifahamu kufuli linauza nini. Linauza dakika. Hakuna kufuli lisilofunguka. Yapo yanayofunguka kwa sekunde 5 na yapo yanayohitaji nusu saa na kelele nyingi, na tofauti hiyo ina faida tu iwapo yupo wa kuisikia kelele. Sungusungu, walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kupambana na wezi wa mifugo, walilielewa jambo hili bila kitabu: mali hulindwa na majirani walio macho. Kufuli zuri huwapa majirani muda wa kuamka. Kijana anayelijua hilo kwa hesabu na kwa mikono yake atailinda nyumba ya wazazi wake vizuri zaidi kuliko aliyefichwa.